Je, wajua kwa nini msanii huandika maandishi yasiyosomeka?

Tumuulize Ibrahim El-Salahi wa Sudan. Alizaliwa Omdurman mwaka 1930, na baba yake alikuwa na chuo cha Kurani nyumbani, kwa hiyo alishika kalamu ya mwanzi mapema. Kati ya 1954 na 1957 alisomea uchoraji London. Aliporudi Khartoum akaandaa maonyesho: watu walifurika siku ya ufunguzi, kisha hawakuonekana tena. Picha zake za Kizungu hazikuwagusa.

Basi akaacha kuchora kwa muda, akazunguka nchini kutazama wananchi wanapamba nyumba zao kwa nini. Akakuta nakshi na maandishi. Akaanza kutia vijineno vya Kiarabu pembeni mwa picha, vidogo kama stempu, na watu wakaanza kusogea. Hatimaye akazivunja herufi zenyewe, na ndani ya vipande vyake akaona watu, wanyama na mimea.

Jibu la swali letu limo humo. Aliyepita chuoni anaijua alifu kwa ujiti, lakini akishazoea kusoma, ule ujiti hauoni tena. Husikia sauti tu. Ichukue nuni, herufi nyingine ya Kiarabu: ni bakuli lenye nukta juu. Iondolee maana, nawe utaliona bakuli, utaona pia mahali wino ulipokolea na mkono ulipoharakisha. Katika picha kubwa ya El-Salahi ya 1961 hadi 1965, iliyoko katika jumba la sanaa la Tate huko London, watu wamerefuka kama mikato ya kalamu, macho yao mashimo, rangi zote za udongo. Hakuna neno la kusoma, ila mkono wa mwandishi uko wazi.

Msanii Mirtha Dermisache wa Argentina (1940–2012) alikwenda mbali zaidi. Alijaza barua, vitabu hata magazeti kwa mistari isiyo ya lugha yoyote. Ukiitazama barua yake unajua ni barua: mistari imepangwa, pambizo zipo, aya zinaachana. Mwaka 1971 mhakiki Mfaransa Roland Barthes alimwandikia kumsifu.

Wapo wanaosema huko ni kuchorachora tu. Mimi sikubali. Mstari wa Dermisache hushika mwendo mmoja ukurasa mzima, na ukurasa unaofuata huweza kuja na mwendo mwingine kabisa. Huo ni mwandiko, na mwandiko hutuonyesha mtu hata pale maneno yanapokosekana.