Andiko la faraja na andiko la onyo: maana yake

Wakristo wengi tunazungumza kana kwamba Biblia ina mafungu mawili. Kuna maandiko ya faraja, ya kusomwa msibani au kubandikwa kwenye kioo cha bajaji, na kuna maandiko ya onyo, ambayo kwa bahati nzuri humhusu jirani. Mgawanyo huo haumo kwenye Biblia yenyewe. Mstari uleule humfariji mtu na kumshtua mwenzake aliyekaa naye benchi moja, kutegemea kila mmoja yuko upande gani wa jambo linalosemwa.

Chukua Yakobo 5:4. Mtume anawaambia matajiri kwamba ujira wa wavunaji waliouzuia unapiga kelele, na vilio vya wavunaji vimeshafika masikioni mwa Bwana. Sasa uweke mstari huo kwenye jumuiya ya Jumamosi asubuhi, uani kwa mtu, Tabata au Mbagala. Dada wa kazi ndiye aliyepanga viti vya plastiki, na mshahara wake wa miezi miwili bado "unashughulikiwa". Mama mwenye nyumba ndiye anayesoma somo, tena kwa sauti nzuri. Hakuna aliyehubiri, ila maneno yamefika sehemu mbili kwa namna mbili. Dada amesikia kwamba deni lake linajulikana mbinguni hata kama yeye hajathubutu kulitaja jikoni, na kwamba Mungu haliiti bahati mbaya, analiita dhuluma. Faraja hiyo haijamlipa hata shilingi. Mama, kama anasikiliza anachokisoma, ameambiwa alipe.

Mara nyingi hasikii, kwa sababu huenda naye anadai. Kampuni yake imechelewesha mshahara, kwa hiyo akisoma mstari huo anamwona bosi wake, hajioni yeye. Nadhani hapo ndipo maandiko mengi yanapopotelea: kila msomaji anajiweka mahali pa aliyeonewa. Ni kweli kaonewa, lakini kuna mahali pengine ambapo na yeye ni bosi.

Yeremia 29:11 ni mfano mwingine, tena huu umeenea mjini kuliko mwingine wowote ninaoujua. Katika Union Version, tafsiri ya mwaka 1952 ambayo wengi tumekua nayo, unasomeka: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Husomwa kwenye mahafali, kwenye harusi, na hutumwa kwa simu usiku wa kuamkia usaili wa kazi. Ila ni sehemu ya barua. Yeremia aliwaandikia watu waliochukuliwa mateka kutoka Yerusalemu kwenda Babeli, uhamisho ulioanza mwaka 597 kabla ya Kristo. Nabii mwingine, Hanania, alikuwa ametangaza kwamba baada ya miaka miwili mambo yatakuwa yamekwisha. Mstari wa 10 unasema miaka 70. Mtu mzima aliyeisikia barua ile ikisomwa alijua kwamba yeye harudi, pengine wajukuu.

Na wakati wa kungoja wafanye nini? Wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, wautakie amani mji wa watu waliowateka na kuuombea. Hapo ndipo mstari wa 11 unapoanza kumbana mkazi wa Dar es Salaam. Wengi tunaishi hapa kwa kupita. Kwetu ni Songea, ni Moshi, ni Bukoba. Hapa tumepanga tu. Mkutano wa serikali ya mtaa tunawaachia wenyewe, na mvua kubwa ikinyesha tunamwaga taka mtaroni ziende zinakokwenda, ilhali bonde la Msimbazi kuna watu. Huwezi kuubeba mstari wa 11 ukauacha wa 7, kwa kuwa amani inayoahidiwa imefungwa kwenye amani ya mji ule ule unaouona si wako.

Hii haina maana kwamba kila anayenukuu mstari msibani arekebishwe kwa kusomewa sura nzima. Mfiwa aliyekaa mkekani na Zaburi 23 aachwe nayo. Marafiki wa Ayubu walipofika kumhani walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na hilo walilifanya vizuri. Waliharibu walipofungua mdomo kuonya: mengi waliyosema kuhusu dhambi na adhabu ungeyakuta hata kwenye Mithali, lakini waliyaelekeza kwa mtu asiyehusika. Katika sura ya 42 Mungu anawakasirikia wao, anawaagiza wapeleke ng'ombe saba na kondoo waume saba kwa Ayubu, ili yeye ndiye awaombee.