Sukari huru ni ipi?

Agiza chai isiyo na sukari kwenye kibanda karibu na stendi ya Moshi, na mama muuza chai atakutazama kwa huruma kisha akuulize, “Kwani una sukari?” Kwetu sukari ni ile ya kwenye kopo, na ni ugonjwa pia. Sukari huru ni jambo la tatu, na linamhusu hata asiyeumwa.

Sukari huru ni yoyote iliyotiwa kwenye chakula au kinywaji, iwe na kiwanda, mpishi au wewe mwenyewe kwa kijiko, pamoja na ile iliyomo kwenye asali na juisi ya matunda. Asali huwakera wengi hapo, maana tumeizoea kama dawa. Na sukari guru, pamoja na sifa zote inazomwagiwa, nayo ni sukari huru.

Ndizi mbivu uliyoimenya haimo kwenye hesabu, wala maziwa matupu. Utamu wa tunda zima umefungwa ndani pamoja na nyuzinyuzi. Unautafuna, unashiba, nao unaingia kwenye damu polepole. Sasa kamua machungwa manne. Ni wachache wangekaa kitako wakayamaliza kwa kuyamenya, lakini glasi yake hushuka kwa pumzi mbili. Sukari ni ileile, ila imefunguliwa kamba.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sukari huru isifike asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikibidi kuchagua, chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa anayekula kilokalori 2,000, hizo ni gramu 50, na nusu yake 25. Kijiko cha chai kisichojazwa kilima hubeba gramu 4 hivi. Vikombe viwili vya vijiko vitatu vitatu, basi, vimeshafika 24, na andazi bado halijahesabiwa. Soda ambayo lebo yake inasema gramu 10 kwa kila mililita 100 ina gramu 35 katika chupa ya mililita 350.

Kikomo hicho kiliwekwa hasa kwa sababu ya unene na meno kuoza. Kwa hiyo mama wa chai akiuliza, mimi humjibu, “Sina, mama. Naogopa kung’olewa jino.”