Chaki nyekundu ya Boucher: wakati mwingine sio chaki kabisa

Mtu akiona kichwa cha msichana kwa ile rangi nyekundu ya udongo, chini pana jina la Boucher, yule mchoraji wa Kifaransa, anakwambia papo hapo hii imechorwa kwa mkono, si unaona chaki ilivyokwaruza? Usimcheke. Paris ya miaka ya 1750 na 60 ilikuwa na mafundi ambao kazi yao ndo hiyo, kuchapa picha kwa bamba la shaba hadi ionekane ni mchoro wa chaki, yaani kuifanya shaba idanganye macho.

Walifanyaje sasa. Bamba la shaba linapakwa nta ya kuzuia asidi, fundi anapitisha juu yake kigurudumu kidogo chenye meno, au kijirungu chenye kichwa cha miiba, anatoboa vidoti vidoti, halafu linatiwa asidi ambayo inakula pale palipotobolewa tu, na hapo ndo wino unapokaa wa kuchapa kwenye karatasi. Utamu uko kwenye vidoti vyenyewe. Chaki ya kweli ikipita kwenye karatasi isiyo laini inashika vilima na kuruka mabonde, kwa hiyo mstari unatoka umemeguka meguka, na fundi ilibidi aige huko kumeguka, kidoti kinene hapa, hapa pametupu, vikijipanga kama mahindi shambani ameshaumbuka.

Wengine wanasema aah hiyo ni litografia tu, ile ya kuchapa kwa jiwe. Hapana bana. Jiwe alikuja nalo Senefelder huko Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1790, wakati Jean-Charles François, mmoja wa mafundi hao wa shaba, aliionyesha kazi yake kwa wakubwa wa akademia ya sanaa mwaka 1757, na 1769 alishafariki.

Kuna pia dhana kwamba zile picha zenye rangi nyingi zilichapwa nyeusi halafu mtu akazipaka kwa brashi. Hapa ndo namvulia kofia Louis-Marin Bonnet, aliyejifunza kazi kwa François. Mwaka 1769 alitoa kichwa cha Flora, mungu wa kike wa maua, kutoka kwenye pastel (mchoro wa chaki za rangi) ya Boucher, akakichapa kwa mabamba manane, yaani karatasi ile ile inapita kwenye mashine mara nane na kila mara lazima ikae pale pale, ikisogea kidogo tu wekundu wa mdomo unahamia kwenye kidevu. Hata ile nyeupe inayong'aa puani aliichapa, kwa wino mweupe ambao mchanganyiko wake aliufanya siri. Baadaye akachapa na fremu za dhahabu kabisa, na kwa kuwa Ufaransa dhahabu ilikuwa na masharti yake akajifanya Mwingereza, akasaini Marin na kuzipa picha majina ya Kiingereza, kama ile ya mwanamke anayekunywa kahawa ya 1774. Mjanja huyo!

Sasa je, walikuwa matapeli wa kuuza picha feki? Mimi nasema hapana. Gilles Demarteau, fundi mwenzao mzaliwa wa Liège (Ubelgiji ya leo), aliweka jina lake na hata namba kwenye picha zake, na ana mamia. Ziliuzwa wazi kama chapa, watu wasiomudu mchoro halisi wakatundika ukutani, na wanafunzi wa kuchora wakazitumia kunakili mikono na vichwa, maana mchoro mmoja wa mwalimu hauwezi kuzunguka darasa zima.

Kuzitambua, chukua kioo cha kukuzia. Chaki ni unga umelala juu ya karatasi, hii ni wino, na vile vidoti vya kigurudumu utaviona vinajirudia. Mara nyingi picha pia imegeuka kulia kushoto ukiilinganisha na mchoro wenyewe. Alama rahisi kuliko zote ni ule mfinyo wa ukingo wa bamba kuzunguka picha, ila wenye nazo wengi walikata pembeni ili ziingie kwenye fremu, wakaondoka na mfinyo na jina la fundi kwa mkasi mmoja.