Nyumba za bei nafuu Marekani: kodi haipimwi kwa mshahara wako

Shirika lisilo la faida linapokupangisha nyumba Marekani, halikupi nyumba ya msaada. Jambo hilo huwachanganya wengi waliofika kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale, kwa kuwa shirika lililowapokea uwanja wa ndege nalo liliitwa hivyohivyo, na miezi ya mwanzo liliwasaidia kulipa. Mpangishaji kama Mercy Housing, shirika lililoanzishwa na masista wa Kikatoliki mwaka 1981, ana mikopo ya kulipa, bima, na mfuko wa kubadilisha paa na boila. Hana wenye hisa wa kuwagawia faida, lakini kodi anaidai tarehe yake kama mwenye nyumba mwingine yeyote.

Majengo mengi ya aina hii yamejengwa kwa mpango uitwao LIHTC, ulioanza 1986. Hapa Kiswahili chenyewe kinatuponza, maana kodi ya serikali na kodi ya nyumba kwetu ni neno moja. Basi ile ya serikali tuiite ushuru. Wawekezaji hutoa pesa za ujenzi, nao hupunguziwa ushuru. Jengo nalo hufungwa na masharti, kwa kawaida kwa miaka isiyopungua 30: anayeingia awe na kipato kisichozidi kikomo fulani, na kodi isivuke kiwango fulani. Kikomo hutokana na takwimu ambazo HUD, wizara ya nyumba, hutangaza kila mwaka kwa kila eneo. Kinachotumika sana ni asilimia 60 ya kipato cha kati cha eneo hilo.

Sasa hesabu, na hapa ndipo watu hushtuka. Kodi ya juu inayoruhusiwa ni asilimia 30 ya kikomo, si ya mshahara wako. Apatimenti ya vyumba viwili vya kulala huhesabiwa kana kwamba inakaliwa na watu 3, yaani mtu mmoja na nusu kwa kila chumba, hata kama nyinyi ni 4. Tuseme kikomo cha watu 3 ni dola 54,000 kwa mwaka. Asilimia 30 yake ni 16,200. Gawa kwa 12, unapata 1,350 kwa mwezi. Ondoa makadirio ya umeme na gesi utakayolipa mwenyewe, tuseme 110, inabaki kodi ya dola 1,240. Familia yenye 50,000 inaimudu. Yenye 30,000 inakubaliwa katika apatimenti ileile na kudaiwa kodi ileile, ambayo kwake ni karibu nusu ya mapato. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama pana nafasi, uliza kama jengo lina apatimenti ambazo kikomo chake ni asilimia 30 au 50 ya kipato cha kati, badala ya 60, maana kodi yake huwa ndogo zaidi.

Mwenye vocha ya Section 8, yaani msaada wa serikali wa kulipia kodi ya nyumba, yuko tofauti: hulipa takriban asilimia 30 ya kipato chake mwenyewe baada ya makato, na mamlaka ya nyumba humalizia. Jengo la LIHTC haliruhusiwi kumkataa mtu kwa sababu tu ana vocha. Ila orodha ya vocha na orodha ya jengo ni foleni mbili, na kujiandikisha kwenye moja hakukuingizi kwenye nyingine.

Kipato kinachotazamwa ni cha kila mtu mzima wa nyumba, kabla ya makato, na ni cha miezi 12 ijayo, si cha mwezi uliopita. Anayelipwa dola 17 kwa saa, saa 40 kwa wiki, huandikwa 17 × 40 × 52, yaani 35,360. Anayelipwa kila wiki mbili huzidishiwa 26, wala si 24. Ukipeleka karatasi za mshahara za mwezi uliofanya kazi za ziada, ofisi inaweza kuzizidisha kwa mwaka mzima na ukavuka kikomo. Omba mwajiri aandike barua ya saa zako za kawaida. Msaada wa chakula wa SNAP hauhesabiwi. Fedha unazowatumia ndugu Bukavu au Bujumbura haziondolewi kwenye kipato hata senti. Na nyumba ambayo wakaaji wote ni wanafunzi wa masomo ya muda wote, kama ndugu wawili walio chuoni, kwa kawaida haikubaliwi, ingawa sheria ina misamaha kadhaa.

Ukiwa kwenye orodha ya kusubiri, kinachokuondoa mara nyingi ni namba ya simu iliyobadilika. Barua ya nafasi huja na siku chache za kujibu. Hakikisha pia jina kwenye I-94 (hati ya kuingia Marekani), kadi ya Social Security na maombi linafanana herufi kwa herufi.

Ukikataliwa kwa sababu ya ripoti ya mikopo au ya historia yako, lazima upewe taarifa inayotaja kampuni iliyotoa ripoti, nawe una siku 60 za kuidai nakala bila malipo. Isome. Wakimbizi wengi waliandikiwa kuzaliwa 1 Januari, na kwa jina linalojirudia ni rahisi deni au kesi ya mtu mwingine kuangukia kwako.

Ukishahamia, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mikataba mingi humpa siku 14, kisha lazima jina lake liombewe kuingizwa. Shemeji anayekaa kimya kimya miezi mitatu anaweza kuvunja mkataba wenu wote.

Wapo pia wanaokataa nyongeza ya mshahara wakiogopa kufukuzwa. Katika jengo la LIHTC, kipato kikipanda baada ya kuingia hakikutoi, na mpangaji hawezi kuondolewa bila sababu ya msingi. Mwenye vocha ndiye anayetakiwa kutoa taarifa mapema, kwa kuwa sehemu yake ya kodi itapanda, na akificha atadaiwa tofauti yote ya nyuma.