Je, Wajua Kwa Nini Spider-Man Alichelewa Kukutana na Avengers?

Filamu ya The Avengers, inayokusanya mashujaa wa kampuni ya katuni ya Marvel, ilipotoka mwaka 2012, vita vyake vikubwa vilipiganwa katikati ya New York. Iron Man alikuwepo, Thor alikuwepo, Hulk akabomoa alichobomoa. Lakini Spider-Man, mkazi maarufu kuliko wote wa mji huo, hakuonekana hata kidogo. Miezi miwili baadaye akawa na filamu yake katika majumba yaleyale ya sinema, akirukaruka baina ya maghorofa ya New York bila mtu yeyote kutaja kwamba mji umewahi kuvamiwa na viumbe wa anga za mbali.

Katika vitabu vya katuni mambo hayakuwa hivyo. Spider-Man alitokea mara ya kwanza mwaka 1962, kazi ya Stan Lee na Steve Ditko, na toleo la kwanza la jarida lake, mwaka 1963, linamwonyesha akiwaendea Fantastic Four kuomba wamchukue kundini. Tangu mwanzo mashujaa wa Marvel waliishi katika dunia moja, wakipishana, wakisaidiana na mara nyingi wakipigana wao kwa wao. Kwa hiyo waliowatenganisha kwenye filamu hawakuwa waandishi wa hadithi. Walikuwa wanasheria.

Katika miaka ya 1980 na 1990 Marvel ilikuwa kampuni ya kuchapisha majarida, haikuwa na uwezo wa kutengeneza filamu kubwa. Ilichoweza kufanya ni kutoa haki za wahusika wake kwa studio za Hollywood, mhusika mmojammoja au kundi mojamoja. Ni kama mwenye nyumba anayepangisha chumba hiki kwa huyu na kile kwa yule: nyumba ni yake, ila ndani ya chumba haingii bila idhini ya mpangaji. X-Men wakaenda Fox. Fantastic Four wakachukuliwa na kampuni ya Ujerumani, Constantin Film, mwaka 1986. Hulk akawa wa Universal.

Safari ya Spider-Man ndiyo iliyokuwa na vurugu kuliko zote. Mwaka 1985 haki zake zilichukuliwa na Cannon Films, na kampuni hiyo ilipoyumba zikahamia kwingine, hadi zikafika studio ya Carolco, ambako mwongozaji James Cameron aliandika mpango wa filamu. Carolco nayo ikafilisika mwaka 1995, na kila aliyewahi kugusa haki hizo akaenda mahakamani kudai fungu lake. Kesi zilipomalizika mwaka 1999, Sony ilibaki na Spider-Man, na katika maelewano na MGM, studio yenye filamu za James Bond, ikaachana na mpango wake wa kutengeneza filamu zake yenyewe za jasusi huyo. Yaani mustakabali wa buibui ulipatikana kwa kumwachia jasusi njia.

Wakati huo Marvel yenyewe ilikuwa hoi. Desemba 1996 iliomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya kufilisika, na ilipotoka huko mwaka 1998 ilikuwa imeungana na kampuni ya vitu vya kuchezea, Toy Biz. Wakubwa wapya walijua wanachokitaka: filamu itoke ili watoto wadai midoli. Mwandishi wa habari Ben Fritz ameeleza kwamba Sony iliwahi kupewa nafasi ya kuchukua karibu wahusika wote wa Marvel waliokuwa bado huru, kwa dola milioni 25. Ikakataa, ikamtaka Spider-Man peke yake. Ukisoma hilo leo unaweza kushika kichwa, lakini kwa macho ya wakati ule Sony haikuwa imekosea. Nani nje ya wasomaji wa katuni alikuwa akimjua Ant-Man?

Spider-Man ya 2002 ikaingiza zaidi ya dola milioni 800 duniani, na fungu kubwa likabaki Sony. Marvel ikaona wazi kwamba inalima shamba ambalo mavuno yanakwenda ghala la mwingine.

Sasa tufike kwenye kifungu ambacho, kwa maoni yangu, kinaeleza mengi kuliko hata fedha: muda. Mikataba hii ilikuwa na kikomo. Studio isipotengeneza filamu ndani ya kipindi fulani, mhusika anarudi kwa mwenyewe. Kwa Spider-Man, masharti yaliyofichuka baada ya nyaraka za Sony kuvuja mwaka 2014 yanasema filamu mpya ianze kutengenezwa ndani ya miaka 3 na miezi 9 tangu iliyotangulia, na itoke kabla ya miaka 5 na miezi 9 kupita.

Weka saa hiyo kichwani, kisha utazame upya yaliyotokea. Spider-Man 3 ilitoka Mei 2007. Ya nne ikavunjika ikiwa bado kwenye maandalizi, mwanzoni mwa 2010. Sony ingeweza kupumzika ikatafuta hadithi nzuri bila haraka, lakini haikuwa na muda huo. Badala yake ikaanza upya na mwigizaji mwingine, na watazamaji wakaonyeshwa tena, miaka 10 tu baada ya mara ya kwanza, jinsi kijana Peter Parker alivyoumwa na buibui. Wengi walilalamika kwamba hadithi inarudiwa bila sababu. Sababu ilikuwepo, na ilikuwa imeandikwa kwenye mkataba.

Mfano wenye kusikitisha zaidi ni wa Fantastic Four. Haki za Constantin zilikuwa zinakaribia kwisha mwishoni mwa 1992, na hapakuwa na fedha za filamu kubwa. Basi Desemba ya mwaka huohuo upigaji picha ukaanza, chini ya mtayarishaji Roger Corman, kwa bajeti ya takriban dola milioni moja. Waigizaji walijituma kwa moyo wote, wakazunguka kuitangaza kwa mashabiki. Filamu ikakamilika, lakini haikupelekwa kwenye majumba ya sinema hata siku moja. Stan Lee alisema haikukusudiwa kuonyeshwa tangu mwanzo. Mwenye Constantin, Bernd Eichinger, akapinga. Vyovyote vile, haki zilibaki mikononi mwa Constantin, na miaka ya baadaye Fantastic Four wakatengenezewa filamu za Fox. Binafsi nawaonea uchungu wale waigizaji, maana ilikuwa nafasi ya maisha yao na wao waliifanya kazi kweli.

Mipaka hiyo ilizaa pia mambo ya ajabu. Quicksilver na dada yake Scarlet Witch walianza katika katuni za X-Men mwaka 1964, kisha mwaka uliofuata wakajiunga na Avengers. Ni wa kambi ipi? Wa zote mbili. Ndiyo maana mwaka 2014 Quicksilver wa Fox alionekana akiigizwa na Evan Peters, na mwaka 2015 Quicksilver mwingine, Aaron Taylor-Johnson, akaonekana kwa Marvel. Huyu wa pili hakuruhusiwa kuitwa mutanti, yaani mtu aliyezaliwa na nguvu za ajabu kama X-Men, kwa sababu mutanti walikuwa mali ya Fox kwenye filamu.

Marvel iliponuia kutengeneza filamu zake yenyewe, ilibidi itumie waliobaki kabatini. Mwaka 2005 ilipata mkopo wa dola milioni 525 kupitia benki ya Merrill Lynch, na dhamana ikawa haki za filamu za wahusika 10, wakiwemo Captain America, Black Panther na Doctor Strange. Wangeshindwa kulipa, wahusika hao wangechukuliwa. Iron Man alikuwa amerudi kutoka New Line, studio iliyokaa naye bila kumtumia, na filamu yake ya 2008 ikaingiza zaidi ya dola milioni 580. Mwaka uliofuata Disney ikakubali kuinunua Marvel kwa takriban dola bilioni 4. Wahusika waliokuwa hawatakiwi ndio waliojenga jumba lote hilo.

Hata hivyo fedha za Disney hazikumrudisha Spider-Man. Kilichomleta ni Sony kuhisi joto: filamu yake ya 2014 iliingiza kiasi kidogo kuliko zote zilizotangulia. Februari 2015 pande mbili zikatangaza makubaliano. Sony ingeendelea kumiliki haki, kugharamia na kusambaza filamu za Spider-Man. Marvel, chini ya Kevin Feige, mkuu wa studio yake ya filamu, ingesimamia utengenezaji na kuruhusiwa kumtumia katika filamu zake. Mwaka 2016, ndani ya Captain America: Civil War, Tom Holland, mwigizaji mpya wa Spider-Man, akamnyang'anya Captain America ngao, na mashabiki wakapiga kelele. Agosti 2019 makubaliano hayo yakavunjika kwa ugomvi wa mgawanyo wa fedha, kisha Septemba yakafufuliwa.

Kwa X-Men na Fantastic Four njia ilikuwa fupi ila ghali: Machi 2019 Disney ilikamilisha ununuzi wa sehemu kubwa ya 21st Century Fox kwa dola bilioni 71.3, na wahusika wakaja pamoja na kampuni.

Spider-Man hadi leo ni wa Sony kwenye filamu, pamoja na mamia ya wahusika wanaomzunguka. Ndipo zilipotoka Venom mwaka 2018, Morbius mwaka 2022, kisha Madame Web na Kraven the Hunter mwaka 2024: filamu za maadui na majirani wa Spider-Man, ambazo Spider-Man mwenyewe hapigani ndani yake hata pambano moja.