Krediti si hela iliyomo kwenye kadi

Juzi jamaa yangu alininyooshea simu, kidole kikiwa juu ya neno moja kwenye taarifa ya kadi yake. "Ona, salio hili hapa. Bado nina hela humu." Kadi yenyewe ilikuwa ya krediti. Lile salio lilikuwa deni lake.

Si yeye wa kwanza, na wala sikumcheka, maana maneno yenyewe yamepangwa kama mtego. Nianze na maana, niimalize upesi. Kadi ya debiti inachota hela yako mwenyewe iliyo kwenye akaunti yako, papo hapo au baada ya siku chache. Kadi ya krediti haina hela yako hata senti: ukinunua kitu, benki ndiyo inayomlipa muuzaji, wewe unabaki unadaiwa. Kuna kikomo cha kukopa na kuna tarehe ya kulipa. Ukilipa deni lote kufikia tarehe hiyo, kwa kawaida manunuzi yako hayatozwi riba. Ukibakiza, riba inaanza kutembea. Basi, ndiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye kinachoniudhi. Mshahara ukiingia, benki inakuandikia kwamba akaunti yako "imekreditiwa". Ukitoa hela, "imedebitiwa". Mtu mwenye akili zake anajumlisha: krediti ni hela kuingia, debiti ni hela kutoka, kwa hiyo kadi ya krediti ni ile iliyojazwa hela. Hesabu nzuri kabisa, na jibu si sahihi.

Krediti inatokana na kitenzi cha Kilatini *credere*, kuamini. Debiti inatokana na *debere*, kuwiwa, yaani kuwa na deni. Ukisimamia hapo tu utachanganyikiwa zaidi, kwa sababu kadi yenye jina la deni ndiyo isiyokukopesha, na yenye jina la imani ndiyo inayokuachia deni. Ufumbuzi uko kwenye vitabu vya hesabu. Wafanyabiashara wa Italia, ambao utaratibu wao mtawa Luca Pacioli aliuchapisha mjini Venice mwaka 1494, waliandika kila akaunti kwa pande mbili: huku yale ambayo mtu anapaswa kutoa, kule yale anayopaswa kupata. Upande wa kwanza ndio debiti, wa pili ndio krediti.

Na vitabu vinavyokutumia ujumbe kwenye simu ni vya benki, si vyako. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Ukiweka hela benki, benki inakuwa na deni kwako; wewe ndiye mdai, kwa hiyo unaandikwa upande wa krediti. Ukitumia hela hiyo, deni la benki kwako linapungua, nayo inaandika debiti. Kadi ya debiti imeitwa hivyo kwa sababu hiyo tu: kila ukiitumia, akaunti yako inadebitiwa.

Ila hata kadi ya krediti inafanya vivyo hivyo. Ukinunua kwa kadi ya krediti, akaunti ya kadi hiyo inadebitiwa. Ukilipa deni, inakreditiwa. Majina ya kadi hizi mbili hayakuchotwa kisima kimoja. La kwanza linataja kinachoandikwa kitabuni, la pili linataja kwamba benki imekuamini. Ukiyaweka ubavuni kama usiku na mchana, lazima uteleze.

Hata aliyelibuni jina la kadi ya krediti aliteleza, au pengine alikuwa sahihi kuliko sisi. Mwaka 1888 Mmarekani Edward Bellamy alichapisha riwaya, *Looking Backward*, kuhusu nchi ya baadaye ambako kila raia anaandikiwa fungu lake la pato la taifa mwanzoni mwa mwaka, kisha anapewa kadi inayotobolewa kila anapochukua bidhaa. Aliiita kadi ya krediti. Kwa matumizi ya leo hiyo ni debiti tupu: mtu anatumia kilicho chake. Lakini kihesabu Bellamy hakukosea, kwa kuwa raia yule alikuwa analidai taifa. Maana iligeuka baadaye. Kadi ya Diners Club ya mwaka 1950 ilitaka deni lote lilipwe kila mwezi. Mwaka 1958 Bank of America ikawatumia watu wa Fresno, California, kadi zipatazo 60,000 ambazo hawakuziomba, na hizo ziliruhusu deni kubebwa mwezi hadi mwezi kwa riba. Tangu hapo anayeaminiwa ni mwenye kadi.

Kiswahili, kwa maoni yangu, kililiona jambo hili mapema. Hela uliyoiweka benki tunaiita amana, neno lililotoka mzizi mmoja wa Kiarabu na imani na kuamini. Kwa hiyo kadi zote mbili ni za imani. Ya debiti inasimama juu ya wewe kuiamini benki, ya krediti juu ya benki kukuamini wewe. Nani anamdai nani? Ukishajibu hilo, faida na hasara zinajipanga zenyewe.

Mwizi akiiba namba ya kadi ya debiti, hela iliyotoka ni yako, na wewe ndiye unayesubiri irudishwe huku kodi ya nyumba ikikungoja. Akiiba ya krediti, iliyotoka ni ya benki, nawe unabishana ukiwa na akiba yako mkononi. Hoteli ikizuia kiasi fulani kama dhamana, kwenye debiti imefungia hela yako halisi. Kwenye krediti imepunguza tu nafasi yako ya kukopa. Kwa upande mwingine, debiti inakusimamisha pale hela inapokwisha, isipokuwa benki imekuruhusu kuchota kupita kiasi. Krediti haikusimamishi hapo. Tuseme una deni la 1,000, riba ni asilimia 2 kwa mwezi, na kiwango cha chini cha malipo ni asilimia 3. Unalipa 30 ukijiona mwaminifu. 20 zinamezwa na riba, deni linapungua kwa 10. Na usiitumie kuchukulia hela taslimu kwenye mashine ukidhani ni kama kununua: mara nyingi kuna ada, na riba inahesabiwa tangu siku ileile.

Debiti nayo ina upungufu wake. Kuitumia miaka kumi bila kosa hakumwambii mkopeshaji lolote kuhusu ulipaji wako, kwani hukuwahi kukopa.

Nilimweleza jamaa yangu haya yote, kwa ufupi kidogo. Akaniuliza, sasa kile kiasi kingine kilichoandikwa chini ya salio ni nini? Nikamwambia ni sehemu ya imani ya benki ambayo hajaitumia bado. Aseme "naweza kukopa kiasi hiki", asiseme "nina".

Jambo moja bado, kwa wenye debiti. Kurasa nyingi za malipo zilizotafsiriwa kwa Kiswahili huandika "ingiza namba ya kadi ya mkopo", na nimeona watu wakifunga ukurasa wakidhani kadi yao haihusiki. Mara nyingi aliyetafsiri alimaanisha kadi yoyote ya benki. Andika namba ya kadi yako ya debiti hapohapo, ujaribu, hakuna anayekukopesha.