Je, wajua kwa nini LM317, chipu ya mwaka 1976, bado inanunuliwa na mafundi?

LM317 ni chipu ya kudhibiti volteji yenye miguu mitatu. Ilibuniwa na Bob Dobkin katika kampuni ya National Semiconductor, Marekani. Leo kuna vidhibiti vinavyopoteza umeme kidogo zaidi, lakini hii haijaondoka sokoni.

Sababu kubwa ni utulivu wake. Kidhibiti kama LM2596 hukata na kurudisha umeme takriban mara 150,000 kwa sekunde (kHz 150). Vizidishio vya masafa hayo, yaani kHz 600, 750, 900 na kuendelea, huangukia ndani kabisa ya masafa ya kati ya redio (AM). Ndiyo maana redio huunguruma ikilishwa na kidhibiti hicho bila kichujio kizuri. LM317 haikati chochote: hupunguza volteji mfululizo, na ziada yote hutoka kama joto.

Kazi yake ni moja tu, kushikilia volti 1.25 kati ya mguu wa kutolea na mguu wa kurekebishia. Rizista mbili ndizo huamua mengine. Tuseme una betri ya volti 12 na redio ya volti 6. Weka omu 240 kati ya miguu hiyo miwili, na omu 910 kutoka mguu wa kurekebishia hadi hasi. Utapata takriban volti 6.03. Ongeza kapasita ya mikrofaradi 0.1 upande wa kuingilia na 1 upande wa kutolea. Usibadilishe ile 240 kwa omu 1,000 ati kuokoa umeme: chipu huhitaji miliampea chache zipite muda wote, la sivyo volteji hupanda redio ikizimwa.

Kisha piga hesabu ya joto. Betri ikiwa na volti 13 na redio ikivuta ampea 0.2, chipu inachoma wati 1.4, kipande kidogo cha alumini cha kuipoza kinatosha. Ila ukichajia simu kwa ampea 1, volti 5, ni wati 8. Hapo tumia LM2596 bila kusita.

Kosa linalounguza vitu ni kuizoea 7805, kidhibiti kingine cha miguu mitatu kinachotoa volti 5. Bati la mgongoni mwa 7805 limeunganishwa na hasi, lakini la LM317 limeunganishwa na mguu wa kutolea. Ukilifunga kwa skrubu kwenye kasha lililounganishwa na hasi, umepiga shoti. Weka mika (karatasi ngumu isiyopitisha umeme) katikati na bushi ya plastiki kwenye skrubu.

Ukitaka volteji ya kurekebika, weka rizista ya kuzungusha badala ya ile 910, na ulehemu mguu wake wa kati pamoja na mmoja wa pembeni. Mguu wa kati ukiachwa peke yake ukapoteza mguso, volteji hupanda ghafla hadi kukaribia ile ya betri.